Keki Niliyooka kwa Mkono Mmoja

Kama hukuwa nami wiki iliyopita, nitakufupishia, maana sipendi kulia mara mbili kwa jambo moja.

Naitwa Bodil. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha madirisha hapa Jutland, Denmark. Mume wangu Asger alishaniacha akahamia kwa daktari wa meno, nikadhani mabaya yangu yameishia hapo. Hayakuishia. Toroli la vioo liliubana mkono wangu wa kulia kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha tanuri. Walipoivua glavu, vidole viwili vilitoka nayo.

Sasa sikiliza jinsi toroli lile linavyokwenda, ndipo utajua kwa nini nina hasira mpaka leo.

Ni toroli la chuma lenye nguzo mbili mbele, limejaa vioo vilivyosimamishwa na kutenganishwa kwa karatasi. Likijaa lina uzito wa ng'ombe wawili, na halina injini. Wanalisukuma watu. Wa mbele anashika nguzo na kutembea kinyumenyume, anaongoza. Wa nyuma anasukuma mpini, na mbele yake haoni kitu ila karatasi. Kwa hiyo anasikiliza. Wa mbele akisema "Njoo", anakuja. Akisema "Simama", anasimama.

Siku ile, kwenye kizingiti cha chuma cha mlango wa chumba cha tanuri, nilisema simama. Kioo kimoja kilikuwa kinateleza, mkono wangu uko kati ya nguzo na mwimo, nikapiga kelele simama mpaka koo likauma. Nyuma alikuwa Keld, mwenzangu wa miaka mingi.

Keld hakusimama. Hospitali aliniletea maua, akaapa kwamba hakusikia kitu. Hapo ndipo tulipoishia.

Basi siku moja kabla sijarudi kazini, simu ikalia.

"Bodil, kesho unarudi?"

"Narudi. Umeanza kunikumbuka, Keld?"

"Bwana we, kiwanda kimepoa. Hakuna wa kututukana." Akakohoa kidogo. "Sikia. Watu wanaulizia keki."

"Keki gani?"

"Keki yako. Usijifanye hujui."

Najua. Denmark nzima inajua. Kazini kwetu anayekosea analeta keki. Ukivunja kioo, keki. Ukisahau kuzima tanuri, keki. Unaoka nyumbani, unaiweka mezani wakati wa kahawa, mnacheka, mnakula, na kosa limekwisha, hakuna wa kulitaja tena. Ni desturi nzuri. Nimekula keki za wenzangu miaka yote na zangu wamezila.

"Keld, aliyekatika vidole ni mimi."

"Ndiyo maana itachekesha," alisema. "Villy mwenyewe kasema. Ukileta keki, mambo yatakuwa mepesi kwa kila mtu. Usipoleta, watasema umerudi na kinyongo."

Villy ni msimamizi wetu, mtu wa meno meupe na maneno laini. Na kinyongo ndicho kitu ambacho kwetu hakisamehewi. Mwenye kinyongo hunywa kahawa peke yake mpaka siku ya kustaafu. Nikafikiri, acha niwe mkubwa wao. Nikatoa unga kabatini.

Binti yangu Signe alinikuta jikoni nimebana bakuli kwa kiwiko. Signe naye yuko kiwandani. Nilipoumia walimpa nafasi yangu: mbele ya toroli, kinyumenyume, mikono kwenye nguzo, Keld nyuma. Tangu siku hiyo, kila nilipofumba macho nilikuwa naona mikono yake.

"Unafanya nini?"

"Naoka keki."

"Ya nani?"

"Ya kazini."

Akaninyang'anya mwiko. "Mama, kwani wewe ndiye uliyekosea?"

"Ni utani tu, Signe."

"Utani! Ulisema simama au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi mwenye keki ni Keld. Aoke yeye."

"Kwa mikono yake ile? Atatuua wote kwa sumu."

Hakucheka. Alinitazama kwa macho ya baba yake, akaweka mwiko chini, akapanda chumbani kwake bila kula. Mimi nikaendelea. Mayai niliyavunja kwa mkono wa kushoto, maganda yakaingia. Juu nikapaka nazi na sukari ya kahawia. Mshono mmoja ulifunguka, damu ikapita kwenye bandeji ikadondokea meza. Nikaifuta kwa kitambaa cha vyombo.

Keki ilitoka nzuri. Heri ingeungua.

Asubuhi nilipoingia chumba cha kahawa, sahani zilishapangwa na uma zilishawekwa. Katikati ya meza palikuwa wazi, panasubiri.

"Huyoo! Mwenye keki kafika!" Villy alipiga makofi. Alichomeka juu ya keki kibendera chetu chekundu chenye msalaba mweupe, kama vile ni siku yangu ya kuzaliwa. "Haya jamani! Anayekosea?"

"Analeta keki!" waliitikia wote, wakigonga meza kwa vikombe.

"Na akishaleta?"

"Yamekwisha!"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka nao. Niliinua bandeji yangu nikasema vidole vilivyobaki vinatosha kushika uma. Watu wakacheka mpaka machozi. Keld alikula huku anatazama sahani yake. Signe alisimama mlangoni, hakuonja hata chembe.

Villy alikula vipande viwili. Cha tatu alikifunga kwenye karatasi ya leso.

"Hicho cha nani?" nilimuuliza.

"Cha mgeni," alisema. "Leo tuna mgeni."

Mgeni alikuwa mkaguzi wa usalama kazini, mama mmoja mrefu jina lake Gudrun, viatu vyenye chuma mbele na sura isiyopenda mzaha. Nilikuwa sijaambiwa kwamba anakuja. Villy alikuwa anajua. Aliniita ofisini juu kahawa bado iko kooni.

"Bodil," Gudrun aliniuliza, "kabla mkono haujabanwa, ulimwambia Keld asimame?"

"Nilimwambia. Tena kwa kelele."

"Yeye anasema hakukusikia. Nani mwingine alikusikia?"

"Tanuri linanguruma pale. Lakini Keld alikuwa karibu. Alinisikia."

Villy akainua mkono taratibu, kama mtoto mwenye adabu darasani. "Samahani, Gudrun. Bodil, hebu mwambie mgeni. Leo asubuhi ulileta nini?"

Nikaitazama kalamu ya Gudrun.

"Ulileta nini, Bodil? Sema tu, si siri."

"Keki."

"Na mtu akileta keki kazini, maana yake nini?"

Gudrun aliweka kalamu chini. Naye kazaliwa huku huku, hakuhitaji kufafanuliwa. "Ulileta keki ya kosa?" aliniuliza polepole. "Kwa ajali hii?"

"Ilikuwa utani! Huyu ndiye aliyeniagiza!"

"Nimekuagiza mimi?" Villy akashika kifua. "Lini? Tumeongea lini mimi na wewe?"

Hatukuongea. Alimtuma Keld. Nani angeamini?

"Kaimbiwa, kacheka, tumekula wote," Villy alisema. Akafungua ile leso. "Onja, Gudrun. Bodil anajua kuoka, hilo hatumnyimi."

"Na kile kizingiti?" nilipiga kelele. "Kile chuma cha mlangoni! Toroli linagota pale, mikono ya mtu iko kwenye nguzo! King'oeni kabla hakijala mkono mwingine!"

"Kizingiti kina kosa gani?" Villy alisema kwa upole. "Umekosea, umekiri, yamekwisha. Signe anaendelea vizuri tu pale mbele."

Aliposema jina la mwanangu aliniangalia usoni. Niliona kabisa kwamba anajua anachokisema. Nikatoka ofisini. Kwa keki yangu mwenyewe nilikuwa nimemfunga Signe kwenye toroli lile, na hakuna tena wa kunisikiliza.

Keld nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, anafunga viatu.

"Nani alikutuma unipigie simu?"

"Bodil, punguza sauti."

"Nani?"

"Si nilikwambia, Villy. Kwani kuna nini?"

Nilikuwa na chupa yangu ya kahawa mkononi, ile ya chuma. Nilimpiga nayo usoni. Nilisikia pua ikivunjika, nikafurahi, nakuambia kweli, nilifurahi. Alipoinua kichwa nikampiga tena, na kahawa ya moto ikamwagika shingoni kwake, akalia kama ng'ombe.

"Una wazimu!"

"Ninao! Leta vidole vyangu!"

Akanirukia. Keld ni mtu wa kuinua vioo, akanibamiza kwenye kabati la chuma mpaka mlango ukapinda. Nikamng'ata sikio. Ndipo akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwake. Aliushika mkono wangu mbovu, bandeji na yote, akauminya.

Nikaanguka kwa magoti. Nilitapika keki sakafuni.

"Basi!" nilimwambia. "Basi, Keld! Simama!"

Akaniachia. Lile neno lilimpiga kuliko chupa. Akakaa chini ukutani, damu inamchuruzika kidevuni, akaanza kulia kwa sauti.

"Nilikusikia," alisema.

"Nini?"

"Siku ile. Nilikusikia, Bodil. Unaridhika? Nilikusikia ukisema simama."

Nikaketi sakafuni mbele yake.

"Si unajua pale kizingitini," aliendelea, anafuta kamasi na damu kwa mkono wa shati. "Ukisimama pale toroli linakwama. Mnarudi nyuma, mnaanza upya, watu wanawapigia miluzi. Ndiyo maana kila msukumaji anaongeza msukumo mmoja baada ya kuambiwa simama. Mmoja tu, lipande. Villy ndiye aliyetufundisha. Hata wewe ukikaa nyuma unafanya hivyo hivyo!"

Na ni kweli, nilikuwa nafanya. Wote tulikuwa tunafanya. Wa mbele tulizoea kusema simama mapema kidogo, kwa sababu tulijua yule wa nyuma hatasimama palepale. Siku ile sikuwa na nafasi ya kusema mapema. Kioo hakikunipa nafasi.

"Ulinisikia, ukasukuma."

"Nikasukuma. Halafu nikaogopa kusema. Nisamehe."

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi. Signe alikuwa amesimama mlangoni, glavu mkononi. Sijui alikuwepo tangu lini, lakini uso wake ulikuwa umeshasikia yote.

"Umesikia, mwanangu?" nilisema. "Twende kwa Gudrun sasa hivi. Keld akaseme mbele yake."

"Atakana," alisema Signe. "Wote watakana. Wameshakula keki."

"Sitakana," Keld alinong'ona.

"Utakana Villy akikuangalia tu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi. "Inuka, Keld. Nawa uso. Toroli limejaa, tanuri linasubiri. Leo kaa mbele wewe. Mimi nasukuma."

Keld alikubali mara moja. Nadhani aliona ni adhabu ndogo, na alitaka adhabu. Na mimi je? Mimi mjinga nilishukuru. Nilimwona mwanangu anakwenda nyuma ya toroli, mbali na nguzo, mbali na mwimo, nikasema moyoni, leo mikono yake imepona. Nikaosha mdomo, nikaanza kupanda ngazi kumtafuta Gudrun.

Walipopita ukumbini, watu waliona pua ya Keld, wakaniona na mimi. Mmoja akapiga mluzi. "Bodil kaleta keki na soda!" Wakacheka.

Nilikuwa katikati ya ngazi niliposikia.

"Njoo," sauti ya Keld ilisema. "Njoo. Njoo. Taratibu. Simama."

Toroli likagota kizingiti.

"Simama! Signe, simama! Simama, mkono!"

Kisha hakusema neno tena, alipiga yowe tu, na juu ya yowe lile vioo vikaanza kuanguka, kimoja, kingine, halafu vyote.

Sijui niliteremkaje zile ngazi. Sakafu yote ilikuwa vipande, vinakatika chini ya viatu. Keld alikuwa amesimama kwa sababu hakuweza kuanguka. Mkono wake wa kulia ulikuwa kati ya nguzo na mwimo, umebaki bapa, na kipande kirefu cha kioo kilikuwa kimeingia juu ya kiwiko. Damu ilikuwa inaruka mpaka kwenye mlango wa tanuri na kuungua pale, na harufu yake ilijaa chumba kizima.

Na toroli lilikuwa bado linamminya. Nilizunguka nyuma. Signe alikuwa ameegemeza bega kwenye mpini, miguu imekaza, anasukuma.

"Signe!"

Hakunisikia. Nilimshika nywele nikamvuta. Hakuachia. Nikampiga kofi, nikampiga la pili, la tatu akaachia mpini, akaanguka kwa makalio kwenye vioo.

"Alisema simama, mama," aliniambia, anahema. "Nilimsikia vizuri sana."

Nililivuta toroli nyuma kwa mkono mmoja na mwili wangu wote. Keld akadondoka. Nilivua mkanda wangu, nikaukaza juu ya jeraha lake kwa meno, nikaukaza mpaka damu ikaacha kuruka. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayetaka kuuliza njia.

Watu walikuja mbio. Nikasikia viatu vya chuma vya Gudrun vinateremka ngazi, na Villy nyuma yake anauliza kuna nini, kuna nini. Nilikuwa na nafasi ndogo sana. Nikainuka, nikaenda kusimama nyuma ya toroli, nikaweka mkono wangu wa vidole vitatu juu ya mpini. Damu ilikuwa imenijaa mpaka kiunoni.

"Nani alikuwa nyuma?" Gudrun aliuliza. Mkononi alikuwa bado ameshika sahani, na juu yake nusu ya kipande cha keki yangu.

"Mimi," nilisema.

Villy hakuchelewa. "Mmeona? Mmeona wenyewe!" aliwaambia watu. "Dakika chache tu zilizopita kamvunja pua, sasa kamvunja mkono! Hii si ajali hii, huyu kalipiza! Nani hakuiona pua ya Keld?"

Wote walikuwa wameiona. Walianza kuguna, wakarudi nyuma hatua moja, wale wale walioniimbia asubuhi. Nikasema moyoni, sawa. Nichukueni. Vidole vyangu vimeshakwenda, nendeni na mimi niliyebaki, mwacheni mtoto.

"Ni mimi," nilirudia. "Aliniambia simama, sikusimama."

"Mama anadanganya."

Signe alikuwa ameinuka. Vipande vya kioo vilikuwa vimemshika kwenye suruali, anavipangusa kimoja kimoja bila haraka. Akaja akasimama mbele ya Villy, karibu kabisa, mpaka Villy akalazimika kuinua kidevu.

"Nyuma nilikuwa mimi," alisema. "Muulizeni Keld. Mama alikuwa kwenye ngazi. Lakini msihangaike, desturi naijua. Nimekosea. Kesho naleta keki."

Hakuna aliyecheka. 

"Mtaila, si ndiyo?" Signe aliwauliza, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mkishaila, yamekwisha."

Gudrun aliinama, akaiweka ile sahani sakafuni katikati ya vioo. Akatoa simu yake. Akamwambia Villy afunge mlango wa ukumbi na mtu yeyote asitoke, hasa yeye Villy.

Mimi sikuwa namsikiliza tena. Nilikuwa nimemshika mwanangu mikono yote miwili, naigeuza huku na huku, navipapasa vidole kimoja kimoja kama siku aliyozaliwa. Vyote vilikuwepo. Havikuwa hata na mchubuko.

"Mwachie, Bodil," Gudrun alisema nyuma yangu. "Polisi wako njiani."